Plagi Moto na Plagi Baridi: Istilahi za Kuchagua Plagi za Magari ya Kasi

1. Utangulizi

Wapo watu wanaodhani kwamba uundaji wa istilahi ni kazi ya mezani tu, ambayo makosa yake hayamdhuru mtu. Neno likikosewa, husema, litasahihishwa katika orodha ijayo. Makala haya yana lengo la kuonyesha kwamba sivyo ilivyo. Istilahi ya ufundi ni chombo cha kazi kama spana ilivyo chombo cha kazi, na ikiwa haikuchongwa sawasawa, huharibu kile ambacho ilikusudiwa kukitengeneza.

Niliombwa na mwalimu mmoja wa ufundi wa magari nimfasirie kurasa chache zihusuzo uchaguzi wa plagi za injini zenye nguvu nyingi. Kurasa zenyewe hazikuwa ndefu, nami nilizimaliza kwa siku mbili. Miongoni mwa sentensi nilizoandika ilikuwapo hii: “Injini ikiongezewa nguvu, shusha kiwango cha joto cha plagi kwa daraja moja.” Niliisoma sentensi hiyo mara mbili, nikaridhika nayo. Ilikuwa fupi, sarufi yake ilikuwa sahihi, na ililingana neno kwa neno na ile ya asili.

Miezi michache baadaye alikuja ofisini fundi mkuu wa gereji moja, mtu mzima aliyeshika spana tangu ujana wake. Nikamwamkia, “Shikamoo mzee.” Akaitikia, “Marahaba,” kisha akafungua gazeti alilokuja nalo akaweka juu ya meza pistoni iliyotoboka katikati. Akasema, “Kijana, hii ndiyo tafsiri yako.”

Alinieleza mambo yalivyokuwa. Gari lilikuwa Datsun 240Z ambalo mwenyewe alitaka lirudishiwe nguvu za mashindano. Kichwa cha silinda kilichongwa ili mgandamizo uongezeke, na kabureta mbili za asili ziliondolewa zikawekwa tatu kubwa zaidi. Plagi zilizokuwamo zilikuwa na namba 6. Mwanagenzi aliyepewa kazi ya kufunga plagi mpya aliitazama karatasi yangu iliyobandikwa ukutani, akasoma “shusha”, akafunga plagi zenye namba 5. Gari lilipopandishwa mlima Kitonga kwa kasi, pistoni ya silinda ya nne ikatoboka.

Nilijaribu kujitetea kwamba labda kijana hakusoma vizuri. Mzee akanijibu, “Alisoma vizuri. Alifanya ulichoandika.”

Kweli tupu. Katika makala haya tutaeleza kwanza jinsi plagi inavyofanya kazi na jinsi inavyochaguliwa, kisha tutaonyesha ni wapi istilahi zetu zinapotosha, na mwisho tutatoa mapendekezo.

2. Plagi na Majina Yake

Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na petroli hugandamizwa na pistoni ndani ya silinda, halafu huwashwa kwa cheche ya umeme. Plagi ndiyo inayoleta cheche hiyo. Ina elektrodi ya kati ipitayo ndani ya kihami cha kauri, na elektrodi ya pembeni iliyoshikamana na ganda la chuma. Umeme wa volti elfu nyingi hutoka katika koili, hushuka katika elektrodi ya kati na kuruka hadi ile ya pembeni. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa kila sekunde.

Uwashaji kwa cheche si jambo jipya. Étienne Lenoir aliutumia katika injini yake ya gesi mwaka 1860. Hata hivyo, plagi ilipata nafasi yake madhubuti katika magari mwaka 1902, wakati Gottlob Honold, mhandisi katika karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart, alipotengeneza magneto ya volti kubwa pamoja na plagi yake.

Lugha za dunia ziligawanyika katika kukipa jina chombo hiki. Wafaransa hukiita “bougie”, Waitalia “candela”, Wareno “vela”, na Wajerumani hutumia neno lenye “Kerze” ndani yake. Maneno yote hayo yana maana ya mshumaa. Waliotunga majina hayo walitazama kile ambacho chombo kinafanya, yaani kuwasha. Waingereza walitazama mahali kinapokaa: kinaziba tundu lililo juu ya silinda, hivyo wakakiita kizibo. Kiswahili kimelipokea neno hilo la Kiingereza likawa “plagi”.

Je, tuunde neno jipya? Imewahi kuelezwa kwamba “kiwashi” lingefaa zaidi kwa kuwa linaonyesha kazi ya chombo. Sisi tunaona kwamba hakuna haja. Neno “plagi” limeenea katika gereji za mijini na vijijini, limekubali sarufi yetu bila matata, nalo halimpotoshi fundi yeyote. Linapoweza kuchanganywa na plagi ya umeme wa nyumbani, inatosha kusema “plagi ya cheche”. Istilahi inayoeleweka na isiyoleta madhara haina sababu ya kung’olewa.

Kuhusu gari lenyewe, baadhi ya wafasiri huandika “gari la michezo”. Hatulipendekezi jina hili. Msomaji wa Kiswahili akilisikia hufikiria gari la kubeba timu ya mpira au gari la kuchezea watoto. Mambo yanayolitofautisha gari hilo na mengine ni kasi na wepesi. Kwa hiyo katika makala haya tunatumia “gari la kasi”, na pale lipoingizwapo katika mashindano, “gari la mbio”.

3. Kwa Nini Datsun 240Z

Mfano wetu haukuletwa na tukio la pistoni peke yake. Gari hili lina historia katika sehemu zetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalihesabiwa miongoni mwa mashindano magumu kuliko yote duniani. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, ikashinda tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta pamoja na Lofty Drews. Tangu mwaka 2003 yapo pia mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na gari hili limeonekana humo. Kwa sababu hiyo mafundi wetu bado wanakutana nalo.

Injini yake ina silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Kichwa cha silinda ni cha alumini. Plagi ya kawaida inayotajwa kwa injini hii ni BP6ES ya kampuni ya NGK ya Japani. Herufi na tarakimu hizo si pambo. Kila moja ina habari yake. B yaeleza kipenyo cha hesi, milimita 14. P yaeleza kwamba pua ya kihami imechomoza nje ya ganda. Tarakimu 6 ni daraja la joto, ambalo tutalijadili punde. E ni urefu wa hesi, milimita 19. S yaeleza aina ya elektrodi ya kati, ambayo ndani ina shaba nyekundu. Herufi R ikiongezwa, maana yake plagi ina kikinza ndani, ambacho hupunguza mikwaruzo katika redio na katika vyombo vya elektroniki vya gari.

4. Moto na Baridi

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya.

Ncha ya plagi, yaani pua ya kihami pamoja na elektrodi zake, hukaa ndani ya chumba cha mwako. Ili ifanye kazi vizuri inapaswa kuwa na joto lisilopungua takriban nyuzi 450 za Selsiasi. Chini ya hapo, masizi hayaungui. Hujikusanya juu ya kihami, na umeme hupata njia ya kuvujia badala ya kuruka kama cheche. Injini huanza kukosa. Kwa upande mwingine, ncha haipaswi kuzidi takriban nyuzi 850. Ikipita hapo, huwa kaa la moto: huwasha mchanganyiko kabla cheche haijatolewa, wakati pistoni ingali inapanda. Pistoni husukumwa chini na moto ilhali mtaimbo unaisukuma juu. Joto hupanda zaidi, na alumini ya pistoni huyeyuka. Ndivyo ilivyotoboka ile iliyoletwa mezani kwangu.

Basi plagi hukaa kati ya mipaka hiyo miwili kwa njia gani? Ni kwa urefu wa pua ya kihami. Joto la ncha husafiri kupitia kihami hadi kwenye ganda la chuma, na kutoka kwenye ganda hadi kwenye kichwa cha silinda, ambako hupozwa na maji. Pua ikiwa ndefu, njia ya joto ni ndefu, na ncha hubaki na joto lake. Pua ikiwa fupi, joto huondoka upesi. Plagi ya pua ndefu ndiyo Waingereza waliyoiita “moto”, na ya pua fupi wakaiita “baridi”.

Mtu anayeendesha polepole mjini, injini ikiwa ya kawaida, anahitaji plagi inayohifadhi joto ili masizi yaungue. Injini ya gari la kasi, yenye mgandamizo mkubwa na inayozunguka kwa nguvu kwa muda mrefu, hutoa joto jingi. Inahitaji plagi inayoliondoa upesi. Kwa maneno mengine, injini ya moto hutaka plagi “baridi”, na injini ya baridi hutaka plagi “moto”. Tofauti ya daraja moja hadi jingine hubadili joto la ncha kwa takriban nyuzi 70 hadi 100. Kama kanuni ya jumla, injini inapoongezewa nguvu za farasi 75 hadi 100, plagi hubadilishwa kwa daraja moja.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Kwa Mswahili, kitu moto ni kitu kilicho na joto sasa hivi, kama chai ya moto au pasi ya moto. Mwanagenzi akisikia “plagi moto” ana njia tatu za kulielewa jina hilo. Anaweza kudhani ni plagi inayowasha moto mkali, kwa hiyo yenye nguvu zaidi. Anaweza kudhani ni plagi iliyotengenezwa kwa ajili ya injini ya moto. Au anaweza kudhani ni plagi inayobaki na joto. Dhana ya tatu pekee ndiyo sahihi, nayo ndiyo iliyo mbali zaidi na matumizi ya kila siku. Istilahi inayoelekeza kwenye makosa mara mbili na kwenye ukweli mara moja haifai kuachwa bila ulinzi.

5. Namba Zinazopingana

Kosa langu lilizidishwa na jambo jingine. Nilipoandika “shusha kiwango cha joto”, nilisahau kwamba fundi hashiki joto mkononi. Anashika plagi yenye namba. Akiambiwa ashushe, atashusha namba.

Na namba hizo hazina mpango mmoja. Kwa plagi za NGK na za Denso, namba ikipanda, plagi huondoa joto zaidi, yaani ni “baridi” zaidi. Kwa plagi za Champion na zile za Bosch za mpango wa sasa, namba ikipanda, plagi huhifadhi joto zaidi, yaani ni “moto” zaidi. Plagi inayoitwa 6 na NGK hukaribiana na 20 ya Denso, na 7 ya Bosch, na 9 ya Champion. Ukitaka plagi inayoondoa joto zaidi kwa daraja moja, kwa NGK utakwenda 7 na kwa Denso 22. Lakini kwa Bosch utarudi 6, na kwa Champion utarudi 7 au karibu yake.

Laiti kijana yule angekuwa na plagi za Champion mkononi, sentensi yangu ingemfikisha salama. Kwa kuwa alikuwa na zile za NGK, ilimpeleka upande wa pili. Alipaswa kufunga 7, akafunga 5. Istilahi ambayo usahihi wake unategemea bahati ya sanduku lililopo rafuni haistahili kuitwa istilahi.

6. Mwanya, Hesi na Madini

Daraja la joto ni jambo la kwanza katika uchaguzi wa plagi, lakini si jambo la pekee. Yapo mengine matatu ambayo nayo yana matatizo ya lugha.

Kwanza ni nafasi iliyo kati ya elektrodi mbili. Baadhi ya maandishi huiita “pengo”, mengine “mwanya”. Maneno haya si visawe. Pengo ni mahali ambapo kitu kilikuwapo kikang’oka. Mtu aliyeng’oka jino ana pengo. Mwanya ni nafasi ya asili kati ya meno yaliyo kamili, na wengi wetu huuhesabu kuwa uzuri. Katika plagi hakuna kilichong’oka. Nafasi ile imewekwa makusudi, nayo hupimwa. Kwa hiyo neno sahihi ni “mwanya”. Neno “pengo” tulihifadhi kwa plagi ambayo elektrodi yake imelika au imekatika.

Mwanya wa plagi katika injini za zamani zenye pointi na kabureta aghalabu ni kati ya milimita 0.7 na 0.9. Mifumo ya elektroniki, yenye volti kubwa zaidi, huruhusu mwanya wa milimita 1.0 au 1.1. Mwanya ukiwa mpana, cheche huwa ndefu na huwasha vizuri zaidi, lakini huhitaji volti nyingi zaidi kuuruka. Mgandamizo ukiongezeka, au injini ikifungwa kipulizo cha kushindilia hewa ambacho mafundi hukiita tabo, cheche hupata taabu kuruka, na mwanya hulazimika kupunguzwa. Kabla ya kufunga, fundi hupima mwanya kwa fila. Plagi zenye ncha nyembamba za madini adimu zisichokonolewe ovyo, kwani ncha zake huvunjika.

Pili ni urefu wa hesi. Ukizidi, ncha ya plagi huingia ndani mno ya chumba cha mwako na yaweza kugongwa na pistoni au vali. Ukipungua, cheche hutokea ndani ya tundu badala ya chumbani, na masizi hujaa katika hesi iliyobaki wazi. Neno “hesi” ni la zamani katika Kiswahili na linajulikana na maseremala pia. Hatuoni sababu ya kusema “nyuzi za skrubu” ambapo hesi ipo. Kwa kuwa kichwa cha silinda cha gari letu ni cha alumini, plagi ifungwe injini ikiwa imepoa, ianzwe kwa vidole, kisha ikazwe kwa kiasi cha nusu mzunguko hadi theluthi mbili za mzunguko ikiwa na washa mpya. Hesi ya alumini ikiharibika, gharama yake hupita mara nyingi bei ya plagi.

Tatu ni madini ya elektrodi. Katika maduka husikika “plagi za shaba”, “plagi za platini” na “plagi za iridi”, kana kwamba yote matatu ni mambo ya namna moja. Sivyo. Katika ile iitwayo plagi ya shaba, cheche hairuki kutoka kwenye shaba. Shaba nyekundu imo ndani, kazi yake ni kusafirisha joto. Ncha yenyewe ni ya aloi ya nikeli. Katika plagi za platini na iridi, madini hayo yapo kwenye ncha. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455, platini kwenye nyuzi 1,768 na iridi kwenye nyuzi 2,446. Kwa sababu iridi ni ngumu mno, ncha yake huweza kufanywa nyembamba sana, hata milimita 0.4, na cheche hupata urahisi wa kuruka. Tena hudumu zaidi. Kwa hiyo jina linalofaa kwa ile ya kwanza ni “plagi ya nikeli”. Mwenye gari la mbio anayebadilisha plagi mara kwa mara aweza kuridhika na nikeli. Mwenye gari la kasi la kutembelea aweza kuona faida katika iridi. Jambo la kukumbuka ni kwamba madini hayabadili daraja la joto. Plagi ya iridi ya daraja lisilofaa itatoboa pistoni sawasawa na ile ya nikeli.

7. Kuisoma Plagi

Mafundi wazoefu hawaishii katika vitabu. Huiendesha injini kwa mzigo, huizima, hufungua plagi na “kuisoma”. Neno hili lilitoka gerejini, nalo ni zuri. Plagi kweli ina habari iliyoandikwa juu yake.

Kihami chenye rangi ya hudhurungi nyepesi huonyesha kwamba mambo ni sawa. Masizi meusi makavu huonyesha kwamba petroli imezidi katika mchanganyiko au plagi inaondoa joto mno. Weusi wenye utelezi wa mafuta huonyesha kwamba oili inaingia katika chumba cha mwako, na hapo kubadili plagi si dawa. Kihami cheupe mno, chenye vipele au elektrodi zilizoyeyuka, huonyesha joto la kupita kiasi: plagi haiondoi joto ya kutosha, au petroli imepungua katika mchanganyiko, au cheche inatolewa mapema mno.

Mahali pia pazingatiwe. Gari lenye kabureta lililopangwa vizuri Mombasa, kwenye usawa wa bahari, likifika Nairobi, karibu mita 1,700 juu, hupata hewa nyepesi ilhali petroli haipungui kwa kiasi hicho. Mchanganyiko huwa na petroli nyingi, na plagi hushika masizi. Fundi akikimbilia kufunga plagi inayohifadhi joto bila kurekebisha kabureta, gari hilo litakuwa hatarini litakaporudi pwani.

8. Mapendekezo

Baada ya siku ile nilikwenda gerejini kwa yule mzee. Nilimwuliza yeye mwenyewe angeielezaje tofauti ya plagi hizi kwa mwanagenzi. Hakufikiri kwa muda mrefu. Alisema, “Hii inashika joto, hii inaachia joto.” Mimi nilikuwa nimetafuta katika makamusi kwa majuma mawili, na jawabu lilikuwa pale kwenye benchi la kazi.

Kwa msingi huo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Mahali pa “plagi moto” pasemwe “plagi ya kushika joto”, na mahali pa “plagi baridi” pasemwe “plagi ya kuachia joto”. Majina haya ni marefu kidogo, lakini yanaeleza tendo la plagi yenyewe, wala hayawezi kuchanganywa na hali ya injini.

(b) Mahali pa “kiwango cha joto” pasemwe “daraja la kuachia joto”. Neno “kiwango” humfanya msomaji afikirie kipimo cha nyuzi, na plagi haikuandikwa nyuzi.

(c) Katika maelekezo ya kazi, vitenzi “pandisha” na “shusha” visitumike kwa daraja la plagi. Isemwe “inayoachia joto zaidi” au “inayoshika joto zaidi”, kisha kampuni na namba zitajwe waziwazi.

(d) “Mwanya” utumike kwa nafasi kati ya elektrodi. “Hesi” na “urefu wa hesi” vitumike kama vilivyo. “Pua ya kihami” itumike kwa sehemu ya kihami iliyo ndani ya chumba cha mwako.

(e) Uwakaji unaotokea kabla ya cheche uitwe “mwako wa mapema”, utofautishwe na “kugonga”, ambako hutokea baada ya cheche, sehemu ya mchanganyiko inapolipuka yenyewe. Mafundi wanalo tayari neno “kugonga”, nalo libaki.

Sentensi yangu ya kwanza sasa inasomeka hivi: “Injini ikiongezewa nguvu, tumia plagi inayoachia joto zaidi kwa daraja moja, kwa NGK na Denso namba itakuwa kubwa zaidi, kwa Bosch na Champion namba itakuwa ndogo zaidi.” Ni ndefu kuliko ile ya awali, wala haipendezi sana masikioni. Lakini tuliwapa wanagenzi watatu waisome, kila mmoja peke yake, mbele ya masanduku ya plagi za kampuni mbili. Wote watatu walichagua sawasawa. Mmoja wao alikuwa yule aliyefunga namba 5.

9. Hitimisho

Vigezo vya istilahi bora tunavijua: iwe fupi, iwe wazi, ikubali kuzaa maneno mengine, isiwe na maana mbili. Tukio hili limenifunza kwamba vigezo hivyo havina uzito sawa. Pale ambapo ufupi na uwazi haviwezi kukaa pamoja, na mali au maisha ya mtu yakiwa yanategemea neno, ufupi ndio unaopaswa kuondoka. Hali kadhalika, istilahi za ufundi zisipitishwe mezani kabla hazijapelekwa gerejini zikasomwe na yule atakayezitumia, kimya, bila mfasiri kusimama pembeni yake na kumweleza alichokusudia.

Istilahi zilizotolewa hapa ni mapendekezo tu, na bado zinajadilika. Wasomaji, hasa mafundi na walimu wa ufundi, wanaombwa watuletee maoni yao, pamoja na maneno wanayoyatumia wao wenyewe kazini. Aghalabu neno tunalolitafuta linakuwa limekwisha kusemwa na mtu mwenye mikono ya oili, likisubiri tu kuandikwa.